Pawabenki inagoma nje: dalili, chanzo na la kufanya kwenye jua na vumbi la Dodoma

Kwa anayefanya kazi nje huku kanda ya kati, awe bwana shamba wa Bahi, mpima ardhi wa Chamwino, mfuga nyuki wa Manyoni au bodaboda wa Nkuhungu, pawabenki ni chombo cha kazi kama jembe. Ikigoma saa saba mchana, kilomita nyingi kutoka kwenye umeme, malipo ya simu hayapokelewi, ramani haifunguki na taarifa za siku nzima zinabaki kwenye simu iliyozimika. Wengi wakifika hapo wanasema imekufa, na wiki inayofuata wananunua nyingine.

Mara nyingi haijafa. Imepata joto, au tundu lake limejaa vumbi, au waya umechoka, au tangu siku ya kwanza haikuwa na uwezo ulioandikwa mgongoni mwake. Vyanzo hivi vinne vinaleta dalili zinazokaribiana sana, ndiyo maana mtu anatupa pawabenki nzima na kubaki na waya mbovu.

Kwa hiyo, dalili yoyote utakayoiona, anza hivi: chomoa kila kitu, peleka pawabenki kivulini penye upepo, iache nusu saa. Kisha ijaribu kwa waya mwingine na simu nyingine, ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha waya, simu na chaja kwa pamoja na ikakubali, hutajua kilichokuwa kibovu ni kipi, na kesho utarudi nacho shambani. Dalili moja tu haisubiri hiyo nusu saa, na ndiyo inayofuata. Iliyolowa nayo usiijaribu baada ya nusu saa, ina sehemu yake huko mbele.

Imevimba, inanuka, au ina moto usioshikika

Ilaze mezani. Pawabenki nzima inalala bapa. Iliyovimba inacheza kama yai, au mfuniko wake umeachana na ubavu na ukipitisha ukucha kwenye mshono unaingia. Ndani, maji ya kemikali ya betri yameanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi hiyo hairudi. Ikipoa inaweza kunywea kidogo, mwenyewe akadhani imepona. Haijapona, na usiichaji tena hata mara moja.

Harufu nayo ni ya kuheshimu. Betri ya lithiamu inayovuja hutoa harufu tamu kali, inayofanana na dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ukiisikia kwenye begi, toa pawabenki nje kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Iweke kwenye udongo mtupu au ndani ya ndoo yenye mchanga mkavu, mbali na nyasi, mbali na pikipiki yenye mafuta, mbali na ghala la alizeti. Ikianza kutoa moshi, kaa mbali upande unakotoka upepo, kwa sababu moshi huo una sumu inayounguza mapafu. Ikiwaka na haijaunganishwa na umeme, maji mengi husaidia kwa kuipoza na kuzuia moto usisambae. Kikombe kimoja hakitoshi.

Usiitoboe ili kutoa gesi. Usikubali fundi aifungue kwa bisibisi. Na tafadhali, usiitupe kwenye shimo la taka la nyumbani. Taka zetu nyingi tunazichoma, watoto wakiwa karibu, na betri iliyofungiwa ndani ya moto hulipuka. Funika matundu yake kwa karatasi ya gundi, iweke kwenye kopo lenye mchanga nje ya nyumba, kisha iulizie kwa mafundi na wanunuzi wa vifaa chakavu vya umeme wanaopokea betri za lithiamu.

Kuwa na chapa nzuri hakukuondolei jukumu la kukagua. Juni 2025 kampuni ya Anker ilirudisha kutoka sokoni Marekani pawabenki zaidi ya milioni moja za PowerCore 10000, modeli A1263, kwa hatari ya kuwaka moto. Vifaa vilivyotumika husafiri hadi huku kwetu kupitia ndugu, wageni na mitumba. Namba ya modeli imeandikwa kwa maandishi madogo mgongoni au ubavuni, isome.

Unaichomeka ichajiwe mchana, inakataa au taa hazipandi

Hii ndiyo dalili ya Dodoma hasa. Betri za lithiamu zinaruhusiwa kuchajiwa kati ya nyuzi joto 0 na 45. Kutoa umeme zinavumilia zaidi, hadi karibu nyuzi 60. Pawabenki iliyotengenezwa vizuri ina kipimajoto ndani, na ikivuka kiwango inafunga mlango wenyewe. Kwa hiyo unaweza kukuta inachaji simu bila shida, lakini yenyewe ukiichomeka inakataa. Mtu anasema tundu la kuingizia limekufa, kumbe pawabenki inajilinda.

Hewa ya Oktoba na Novemba hapa mjini hufika nyuzi 31 au 32, na hapo ndipo watu wanapopotea. Nyuzi 32 ni za hewa ya kivulini. Kitu cheusi kinachopigwa na jua moja kwa moja hupanda nyuzi 20 au zaidi juu ya hapo. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani huvuka nyuzi 50 ndani ya saa moja, na dashibodi yake hufika 70. Tangi la pikipiki, bati la kibanda, mfuko wa nje wa begi jeusi, vyote hivyo ni majiko. Ongeza joto ambalo pawabenki inalitengeneza yenyewe ikichajiwa, na umeshavuka 45 kabla hujamaliza chai.

Kipimo cha mkononi: ishike kwa kiganja kizima na uhesabu hadi kumi. Ukilazimika kuiachia, ni moto mno kuchajiwa. Ukiweza kuishika lakini ina joto kuliko mwili wako, iache kwanza.

Kijana mmoja wa bodaboda alimletea fundi jirani yangu pawabenki akiwa ameshakata tamaa. Alikuwa ameifunga kwa mpira kwenye usukani, jua likiipiga kuanzia asubuhi.

"Kaka, hii imekufa. Nachomeka, taa inawaka mara moja, inazima."

Fundi aliipokea, akaigusisha shavuni, akaiweka chini ya meza kwenye sakafu ya saruji. "Kanywe maji, ndugu yangu. Urudi baada ya nusu saa."

Aliporudi, ilichomekwa kwenye chaja ileile kwa waya uleule, taa zikaanza kupanda. Hakulipa kitu, ila alielezwa aihamishie kwenye kibegi cha kiunoni, upande usiopigwa na jua.

Namna ya kuipoza ina adabu yake. Usiiweke kwenye friji wala juu ya barafu: ikitoka humo ikakutana na hewa ya nje, unyevu unageuka matone ya maji ndani ya matundu, na umebadilisha tatizo la joto kwa tatizo la maji. Sakafu ya saruji au ya udongo kivulini inatosha. Kwa aliye kijijini, ndani ya nyumba ya tembe ni pazuri kuliko chini ya bati. Paa lile nene la udongo linaweka ubaridi mchana kutwa wakati chumba cha bati kinachemka.

Kuna jambo watu hulichanganya kuhusu begi. Pawabenki isiyofanya kazi ifunikwe: katikati ya begi, imezungukwa na nguo, joto la nje linachelewa kuifikia. Pawabenki inayochaji simu, au inayochajiwa, itolewe nje ya nguo ipate hewa, maana joto lake lenyewe halina pa kutokea. Kuichaji huku nayo inachaji simu kwa wakati uleule ni kuipa mizigo miwili ya joto. Nyumbani usiku sawa, juani hapana.

Kama kazi yako inakuruhusu, badili saa. Chaji usiku au alfajiri. Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 14, na betri huchaji kwa raha kuliko wakati wowote wa mchana. Hili moja linaongeza umri wa pawabenki kuliko kifuniko chochote cha mpira utakachouziwa.

Ina kipaneli cha sola mgongoni, inaanikwa siku nzima, haijai

Nasema bila kuzunguka: kipaneli hicho hakikutengenezwa kujaza betri iliyo chini yake. Piga hesabu mwenyewe. Pawabenki ya mAh 10,000 (mAh, yaani milliampea-saa, ni kipimo cha chaji inayobebwa) ina seli, yaani betri za ndani, za volti 3.7, kwa hiyo imebeba wati-saa 37. Kipaneli cha ukubwa wa kiganja, jua likiwa utosini, hutoa wati moja au moja na nusu. Gawanya 37 kwa 1.5: saa 25 za jua kali lisilo na wingu, na hapo hatujahesabu kinachopotea njiani. Hizo ni siku nne au tano za kuianika. Yenye mAh 20,000 ni mara mbili yake.

Na katika siku hizo betri imelala chini ya kioo cheusi juani, kwenye joto ambalo tumeshasema haitakiwi kuchajiwa. Kwa hiyo unaipa tone la umeme huku unaikaanga. Joto la namna hii ndilo linaloweza kuivimbisha.

Ukitaka sola ya kweli, tenganisha viwili hivi. Nunua paneli ya kukunja, tuseme ya wati 20, ambayo juani itakupa kama wati 12 hadi 15. Paneli ikae juani, waya upite chini ya turubai, pawabenki ikae kivulini. Hiyo inajaza mAh 10,000 kwa saa tatu hadi nne kama anga ni jeupe. Kiangazi chetu cha Mei hadi Novemba kina anga hilo kwa wingi, na hapa tuna bahati ambayo watu wa Bukoba hawana.

Dalili nyingine ya sola: inachaji vizuri, wingu linapita, kisha inakaa imezima ingawa jua limerudi. Umeme uliposhuka, pawabenki na paneli viliachana, na baadhi ya pawabenki haziungani tena zenyewe. Chomoa waya, hesabu hadi tano, chomeka. Kama mara kwa mara unaikuta hivyo, kwenye siku za mawingu usiiache peke yake.

Imejaa taa zote nne, lakini inachaji simu mara moja tu na kuisha

Kabla ya kulaumu, jua unachotakiwa kupata. Zile mAh 10,000 zimehesabiwa kwenye volti 3.7 za seli. Simu inapokea volti 5, na kupandisha volti kuna gharama. Kinachotoka kwenye tundu ni kama mAh 6,000 hadi 6,500, na mtengenezaji mkweli huandika namba hiyo kwa maandishi madogo. Simu yenye betri ya mAh 5,000 itajaa mara moja na kubaki na kiasi, labda ifike mara moja na nusu kama imezimwa. Ukipata hapo, huna tatizo. Usipofika hata mara moja, endelea.

Simu inayotumika ikichajiwa juani inakula nyingi: mwanga wa kioo umewekwa juu kabisa ili usomeke, mtandao wa kijijini ni hafifu hivyo simu inapiga kelele kuutafuta mnara, ramani imefunguliwa. Jaribu usiku, simu ikiwa imezimwa, kabla ya kutoa hukumu.

Bado haitoshi? Nenda na pawabenki yako duka la jirani, muombe mwenye duka akupimie kwenye mizani ya sukari. Atashangaa, mweleze, atapenda kujua na yake. Seli moja ya duara ya aina inayotumika sana ina gramu 45 hadi 50, na iliyo bora kabisa hubeba mAh 3,500 hivi. Kwa hiyo mAh 10,000 za kweli ni seli tatu kwa uchache, gramu 150 kabla ya ganda, na pawabenki nzima huwa kati ya gramu 180 na 250. Inayodai mAh 50,000 ingehitaji seli kama kumi na tano, gramu 700 za seli peke yake. Ukiiweka mizani ikasoma 300, umeshapata jibu na hakuna kivuli wala waya utakaoitibu.

Angalia lakini: mizani inaweza kukuthibitishia uongo, haiwezi kukuthibitishia ukweli. Zipo zilizofunguliwa zikakutwa na mchanga ndani ili ziwe nzito. Ndiyo maana kipimo cha mwisho ni simu yenyewe: asilimia ngapi imeingia, mara ngapi, ikiwa imezimwa.

Pawabenki ambayo zamani ilitosha na sasa haitoshi ni habari nyingine. Hiyo imezeeka, na joto ndilo linalozeesha haraka, hasa joto likiikuta betri ikiwa imejaa. Ukiijaza hadi mwisho kisha ukaiacha wiki nzima kwenye gari, unaiumiza kwa njia mbili. Uzee huo haurudi nyuma.

Inawaka na kuzima, inachaji na kukata

Hapa vumbi ndilo mshukiwa wa kwanza. Kuanzia Julai upepo unaanza, na Agosti na Septemba vumbi jekundu linaingia kila mahali. Likichanganyika na nyuzi za mfukoni na jasho, linakandamizwa na kichwa cha waya hadi linakuwa sakafu ngumu ndani ya tundu. Chukua tochi, angalia ndani ya tundu la taipu C. Ukiona chini pamejaa rangi ya kijivu au nyekundu, na waya ukiuchomeka hausikii ule mlio mdogo wa kukaa, au unabaki umetokeza kidogo, ndipo penye kosa. Angalia na tundu la simu pia. Mara nyingi ndilo chafu zaidi kwa sababu linakaa mfukoni.

Zima pawabenki, chomoa kila kitu. Tumia kijiti cha meno cha mbao, kokota taratibu kando kando, usiguse ule ulimi mwembamba wa katikati. Sindano na pini ni chuma, zitaleta shoti. Ukimaliza, puliza kwa pampu ya baiskeli. Mdomo una mate, na mate pamoja na vumbi ni tope. Kati ya safari na safari, kipande kidogo cha karatasi ya gundi juu ya matundu kinafanya kazi vizuri kuliko vifuniko vya mpira vinavyopotea wiki ya kwanza.

Mshukiwa wa pili ni waya. Waya mwembamba na mrefu unakula volti njiani. Ukiwa na ukinzani wa omu 0.5 na simu inavuta ampea 2, volti nzima imepotea: kati ya 5, zinafika 4, na simu inakataa au inachaji kwa kusuasua. Simu ikivuta kidogo inaweza kukubali, ikivuta zaidi ikakata, na mtu akailaumu pawabenki. Waya mfupi na mnene, wa sentimita 30, ndio wa kusafiri nao. Shika waya karibu na kichwa, ukunje polepole huku ukiangalia simu. Alama ya chaji ikija na kutoweka, umekatika ndani. Usiufunge kwa karatasi ya gundi. Waya uliokatika nusu hupata moto pale pale ulipokatika.

Kwa wa pikipiki kuna la tatu: mtikisiko. Barabara ya vumbi yenye makunyanzi kwa saa nzima, pawabenki ikining'inia kwa uzito wake kwenye waya, inalegeza tundu hadi miguu yake iliyochomelewa inaachia ndani. Dalili yake ni kwamba ukiukandamiza waya upande mmoja inachaji, ukiachia inakata, na tundu lenyewe linacheza ukiligusa. Hilo halisafishiki. Fundi mwenye mkono mzuri anaweza kubadilisha tundu, lakini ni kazi inayofanywa karibu na betri hai, kwa hiyo mimi hupendekeza litumike tundu la pili kama lipo, na pawabenki ikapumzishwe safari. Ibebe mwilini, waya uwe na mzingo wa kulegea.

Na kuna kukata ambako si ubovu kabisa. Unachaji spika za masikioni, saa ya mkononi au kitaa kidogo cha kichwani, na baada ya nusu dakika pawabenki inazima. Kifaa kinavuta umeme mdogo mno, chini ya milliampea 100 au hata nusu yake, na pawabenki inaamini hakuna kilichochomekwa. Baadhi zina hali ya umeme mdogo: bonyeza kitufe mara mbili au kishikilie sekunde kadhaa hadi taa ibadilike rangi. Kama yako haina, chomeka simu kwenye tundu jingine kwa wakati huohuo, itabaki macho.

Pawabenki inatoa, simu haipokei

Soma kioo cha simu. Simu nyingi siku hizi zinasema zenyewe kwamba zimesimamisha chaji kwa sababu ya joto, au zinashusha kasi bila kusema. Simu iliyokuwa inajaa kwa saa moja inachukua tatu. Toa kava, zima data, igeuze kifudifudi kivulini. Usiilaze juu ya pawabenki. Watu wengi huzifunga pamoja kwa mpira, na kila moja inaichemsha mwenzake.

Imelowa

Mvua zetu zinaanza Desemba hadi Aprili, zinakuja kwa kishindo, na korongo lililokuwa kavu asubuhi linapita maji jioni. Pawabenki ikilowa, usibonyeze kitufe ili "kuona kama inafanya kazi". Umeme ukipita kwenye maji ndipo uharibifu unapoanza. Ichomoe, ifute, ielekeze matundu chini, iache penye upepo kwa siku mbili au tatu. Kuizika kwenye mchele hakusaidii kuliko upepo, na unga wa mchele unaingia tunduni. Ikiwa ilizama kwenye maji ya tope, au baada ya kukauka unaona kutu ya kijani kwenye vichwa vya shaba, iache isitumike tena. Mfuko wa plastiki wenye zipu, ule wa nyanya wa jikoni, unatosha kuzuia yote haya.

Baridi

Mjini Dodoma baridi haiisumbui pawabenki. Anayepanda Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400, ndiye anayehitaji kujua: usiku wa juu kule, karibu na nyuzi sifuri, taa nne zinaweza kuonekana mbili na simu ikazima ghafla. Betri haijaisha, imezubaa. Lala nayo ndani ya blanketi, asubuhi itarudi. Ila usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, hilo linaiharibu ndani bila kuonyesha dalili yoyote siku hiyo.

Imekaa miezi, haiamki

Msimu umeisha, imewekwa kabatini Mei, inatolewa Novemba, kimya. Betri hupoteza chaji kidogo kidogo hata ikiwa haitumiki, na ikishuka sana kinga ya ndani inafunga. Ichomeke kwenye chaja ya kawaida ya ampea moja, isiyo ya kasi, kwenye umeme wa ukutani, juu ya sakafu tupu na mbele ya macho yako, saa moja au mbili. Nyingi zinaamka zenyewe ndani ya muda huo. Kabla ya kuiweka tena, iache na taa mbili kati ya nne, mahali pa chini penye ubaridi, na kila baada ya miezi mitatu ipe chaji kidogo.

Isipoamka, kuna atakayejitolea kuifungua na "kuishtua" kwa nyaya kutoka kwenye betri nyingine. Usikubali. Seli iliyoshuka sana huota vijiti vya shaba ndani, vikigusana ni shoti isiyozimika kwa kitufe. Itakubali chaji, itawasha taa zote nne, na itakaa chumbani kwako usiku ikiwa hivyo. Hiyo ifungwe matundu, iende kwenye kopo la mchanga.